Kitanda cha Karibu na Meza

Mzungu wetu alipouza shamba, kilicholeta ugomvi mkubwa si ng'ombe wala trekta, ni bafu. Nasema bafu, chombo chenyewe cha kuogea, cha chuma, kirefu kama mtu aliyelala, chenye miguu minne iliyochongwa kama ya paka mkubwa. Shamba tulikuwa tumelinunua kwa kuchanga, sisi wengi, na tulipofika kwa vitu vya nyumba kila mtu akasema bafu ni lake. Hakuna aliyetaka kuoga ndani. Mmoja alitaka kunyweshea ng'ombe, mwingine kupikia pombe. Mwishowe likaachwa nje kwa mvua na mbwa akazalia humo. Memsahib, mke wa mzungu, aliondoka bila kuliangalia. Alilia, ndiyo, lakini alimlilia farasi wake.

Nyumba nayo tuligawana vyumba. Mimi nilipewa kile chumba ambamo bafu lilitolewa, na nilijiona mtu mkubwa. Sakafu ya mawe, ukuta wa mawe, dirisha la kioo. Lakini chumba cha kuogea ni baridi, na anayejua Uasin Gishu mwezi wa saba anajua baridi ninayosema. Nyumba yetu ya udongo ilikuwa na moshi na joto. Hii ilikuwa na heshima tu. Mke wangu akajifungulia humo mtoto wa pili, na yule wa kwanza, msichana, aliyekuwa bado anatembea kwa kushika ukuta, akaanza kukohoa.

Kikohozi kikashuka kifuani. Tulimpeleka Eldoret kwa lori la maziwa, na kwa kuwa mke wangu alikuwa bado hajapata nguvu, aliyembeba mtoto ni mama yake, yaani mama mkwe wangu. Hapo nieleze kidogo, maana vijana wa siku hizi wanakula meza moja na mama mkwe wakicheka. Wakati wetu mimi na yeye hatukukaribiana. Simwangalii usoni, simwambii neno, akija njiani naingia kichakani. Kwa lori alikaa mbele na dereva, mimi nyuma kati ya madebe. Hospitalini akakaa ndani ya wodi ya watoto, mimi nikabaki verandani, nikimtazama mtoto wangu kwa dirisha. Yule mama akigeuka, na mimi nageuka.

Wodi ilikuwa na vitanda pande mbili, na karibu na mlango meza ya sista. Sista alikuwa mama mnene, Mwafrika mwenzetu, na saa yake ilining'inia kifuani. Kando ya meza kulikuwa na kitanda kimoja na mtungi wa hewa, mmoja tu, wenye mpira wa kuweka puani. Daktari mara nyingi alikuwa kwa upasuaji, kwa hivyo kazi ya kuchagua ilikuwa ya sista. Alipita akigusa watoto. Hakuanza na kichwa kama sisi. Alishika nyayo kama ni baridi, akafinya ukucha mpaka ukawa mweupe, akangoja damu irudi, akaangalia pua kama zinatanuka. Halafu akasema, "Huyu aje kwangu." Alikuwa anamtafuta yule ambaye moyo wake unaweza kusimama, ili ukisimama yeye awe pale pale.

Lakini sisi tuliona kitu kingine. Tuliona wengi wanafia kwa kile kitanda. Kina mama walikiita stendi, kwa sababu ukifika pale umeshapata gari. Sista akisema huyu aje kwangu, mama anamkumbatia mtoto kama amesikia mwizi. Wengine walitoroka nao.

Siku zile aliyelala pale alikuwa mvulana wa mtu mmoja kutoka magharibi, mpakiaji wa magunia ya ngano, aliyekuwa amepanga chumba Langas, pale pale Eldoret. Mkewe alikuwa amefariki, kwa hivyo alikaa mwenyewe kati ya wanawake, akifua nguo za mtoto, wakimcheka naye akiwajibu. Ni yeye tu aliyeomba kile kitanda.

"Niliona mtungi uko wapi," aliniambia alipotoka kuvuta sigara. "Na niliona sista anakaa wapi. Basi. Na wewe kwa nini huingii? Umenunua shamba ya mzungu, unaogopa mlango?"

"Mama mkwe yuko ndani."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mzungu mzima anafukuzwa na mama mzee."

"Kwani kwenu mnafanya nini?"

"Kwetu ni hivyo hivyo. Lakini wangu alinihurumia, anaishi mbali sana."

Mvulana wake alionekana kupata nafuu. Alilia, alisukuma mkono wa sista, alivuta ule mpira autoe. Msichana wangu naye alikuwa amelia tangu tufike. Sasa mchana mmoja, jua limetoka baada ya mvua, akanyamaza.

Nilifurahi. Mama mkwe akamfunika vizuri na kuwaambia wenzake kwamba sasa usingizi umekuja. Sista akapita. Akamgusa nyayo. Akafinya ukucha, na mimi kwa dirisha niliona ule weupe ukikaa. Ukakaa tu. Akaangalia saa yake na kuhesabu pumzi, halafu akamgeukia mwenzangu, yule mpakiaji.

"Baba, wako analia. Anaweza kulala kitanda cha kwa ukuta leo. Huyu ndiye namtaka hapa."

"Sista, wangu bado. Asubuhi midomo ilikuwa imebadilika rangi."

"Mtungi ni mmoja. Leo moyo ninaouogopa ni wa huyu."

"Na kesho?"

"Kesho nitawagusa tena."

Mama mkwe alikuwa amesikia. Akapanda kitandani, akamziba mtoto kwa mwili wake. "Hakuna mtu atatoa huyu. Mtoto amelala. Mnataka kumpeleka stendi akiwa amelala?"

"Mama, hajalala. Nguvu ya kulia imemwisha."

"Amelala."

Sista akanitazama dirishani. "Baba ya mtoto, mwambie huyu mama atoke."

Kumwamrisha yule mama mbele ya watu, kwetu hilo ni jambo la wazee kukaa na mbuzi kuchinjwa, na pengine asikanyage kwangu tena. Tumbo la mtoto nililiona linapanda kidogo tu. Nikamtazama yule mwenzangu.

"Mwambie wewe," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nimekubali. Mtoto apelekwe."

Alinitazama. Alijua ninachomwomba, nadhani alijua kabla yangu. Angenyamaza tu, mama mkwe angekaa pale mpaka jioni na kitanda kingebaki cha mwanawe. Akaenda akachuchumaa mbele yake.

"Mama, baba yake amesema apelekwe. Mimi natoa wangu. Kama ile kitanda inaua, ningelaza wangu pale?"

Hakungoja jibu. Akautoa mpira puani mwa mvulana, akambeba akipiga mateke, akamlaza kwa ukuta. Mama mkwe akashuka.

Hata kuuweka ule mpira vizuri hawakumaliza. Mtoto wangu alivuta pumzi moja ndefu na tumbo halikupanda tena. Sista akalaza sikio kifuani. "Umesimama," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Akasukuma vikombe, akamlaza juu ya meza yenyewe, akaweka vidole viwili katikati ya kifua, akabonyeza haraka haraka, akafunika mdomo na pua kwa mdomo wake akapuliza, akabonyeza tena. Mimi nilikuwa nimeshaingia wodini, sijui nilipitaje mlango. Nilisimama bega kwa bega na mama mkwe na hakuna kati yetu aliyegeuka.

Mtoto akakohoa. Kikohozi kile kile nilichokuwa nakichukia.

Sista hakutoka kando yake siku ile. Yule mvulana alilia kwa ukuta mpaka jioni. Kulipokucha alikuwa kimya. Sista alimgusa, akasimama katikati ya vitanda viwili akiangalia mtungi, na mimi niliomba asiuguse. Nasema ukweli, hivyo ndivyo nilivyoomba. Hakuugusa. Aliporudi kwa ukuta mara ya pili akaanza kubonyeza, na alibonyeza muda mrefu kuliko alivyombonyeza wangu, mpaka jasho likamdondoka kidevuni.

"Wacha, Sista," mwenzangu akasema. "Umechoka."

Alimfunga mwanawe kwa blanketi mwenyewe. Kina mama walitaka kumsaidia, akatikisa kichwa. Nilimfuata verandani.

"Ngoja nikutafutie lori."

"Ya nini? Langas ni hapa tu."

"Basi nikusindikize."

Hakuwa na hasira usoni. "Wewe uko na dirisha yako," akasema. "Kaa hapo."

Akashuka ngazi, akapita geti. Malori ya ngano yalikuwa yamepanga foleni, na mpakiaji mmoja akamwita kwa kelele za mzaha, kwa kuwa hakuona amebeba nini. Hakugeuka. Hakurudi kuchukua bakuli la mtoto, na baadaye nikasikia hakurudi kwa kazi yake, wala kwa kile chumba cha Langas.