Tivii Ninayoisikilizia Dirishani

Mimi nilisoma hadi darasa la tano, na sisemi hivyo kwa aibu. Wengi wa wale walioendelea mpaka wakavaa tai hunipigia simu msimu wa mavuno, wakiuliza kama mashine yangu ya kupukuchua mahindi ina nafasi. Nilianza kwa kubeba magunia mjini Kitale, mgongo wazi. Leo nina mashine, nina lori, na nina nyumba ya vigae upande wa kwenda Kiminini, ambayo wapita njia huulizana ni ya mheshimiwa gani. Si ya mheshimiwa. Ni yangu. Na sebuleni mwa nyumba hiyo kuna tivii pana kama mlango wa zizi, niliyoinunua ili nikitoka kazini na vumbi la mahindi masikioni nikae kwenye kiti changu, ninyooshe miguu, nitazame mpira.

Mpira huo sijautazama tangu mama mkwe aje.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hatusalimiani kwa mkono, hatuli meza moja, na tukikutana njiani mmoja wetu anapinda. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Vijana wa sasa wanakumbatiana na mama wakwe mbele ya kamera, hiyo ni shauri yao. Mimi nilioa kwa utaratibu na nimekaa na utaratibu wangu.

Aliletwa kutoka Bungoma kwa sababu ya mguu uliovimba. Mke wangu aliniambia atakaa wiki chache tu, awe karibu na daktari. Nikakubali. Kwa kuwa hawezi kulala chini ya paa langu, nilimjengea nyumba ndogo nyuma ya jiko, nikatia simiti laini, nikavuta stima, nikanunua kitanda kipya. Nyumba ile ndogo inashinda nyumba kubwa za watu wengi ninaowajua. Kosa lake ni moja: haikuwa na tivii.

Siku ya kwanza nilirudi jioni, nikafungua mlango wa sebule yangu, nikaona kitambaa cha kichwa kimechomoza juu ya kiti changu. Niliruka nyuma kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Mke wangu akanifuata kwenye veranda.

"Baba Watoto, subiri kidogo. Wako karibu kushika mtu."

"Kushika mtu nyumbani kwa nani?"

"Kwenye tivii, bana. Keti hapo nikuletee chai."

Nikaketi kwenye kigoda, chini ya dirisha la nyumba yangu mwenyewe.

Walikuwa wanatazama ile michezo ya polisi ya Wazungu isiyoisha, ya kitengo kinachoshughulika na makosa yale ambayo watu huyataja kwa sauti ya chini: watoto walioharibiwa, wanawake walioshikwa kwa nguvu. Imeendelea miaka mingi sana, waigizaji wameota mvi humo ndani. Na ukidhani umeikwepa, kuna stesheni inarudia ya zamani. Kila jioni inaanza saa ileile ninayoingia getini, ni kama wameuliza ratiba yangu.

Nilikasirika kweli. Mtu ameamka salama, amekunywa uji wake, hakuna aliyemgusa, halafu jioni anaketi kwa hiari kutazama mabaya ya watu wa mbali? Nikamuuliza mke wangu jikoni, "Hakuna vichekesho mnavyoweza kutazama? Hakuna kwaya?"

"Mama anapenda vile kesi zinaisha," akasema.

"Zinaisha vipi?"

"Inaanza, inachunguzwa, inaingia kortini, inaisha. Hata chai haijapoa."

Niliona ni ujinga. Lakini kigoda kilikuwa pale, na masikio hayana kifuniko. Mke wangu alifika kidato cha nne, Kizungu anakijua, kwa hivyo alimtafsiria mama yake kila neno, na sauti ikatoka dirishani mpaka kwangu. Baada ya siku chache tu nikawa namjua mkubwa wao wa polisi kwa kikohozi chake. Nikawa najua kwamba wa kwanza kushikwa huwa siye, na kwamba anayelia sana ana lake jambo. Mimi nimenunua mahindi ya watu maisha yangu yote, mtu akidanganya kuhusu unyevu wa gunia namjua kabla hajafungua kamba. Polisi wale, pamoja na shule zao zote, walikuwa nyuma yangu.

Jioni moja nikajisahau. Nikapiga kelele pale nje, "Ni huyo wa suti! Mshikeni huyo wa suti!"

Ndani sauti ya tivii ikapunguzwa. Kisha mama mkwe akamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia vizuri, "Mwambie mtu wa nje kwamba suti si ushahidi."

Nikanywa chai yangu. Na aliyefanya hakuwa wa suti, jambo ambalo naona mpaka leo waliliandika vibaya.

Tangu siku ile tukawa tunatazama pamoja, ikiwa hiyo ndiyo kutazama. Lakini mama mkwe alikuwa na tabia iliyonimaliza nguvu: maswali. Si maswali ya kutaka kujua nani alifanya, la hasha. Watu wakifukuzana kwa magari yeye husinzia. Ikifika korti ndiyo anaamka.

"Wakili anamuuliza nini huyo shahidi?"

"Anamuuliza kama anakumbuka vizuri, mama."

"Mbona amemuuliza tena na tena?"

"Anamzungusha. Anataka achanganyikiwe."

"Akichanganyikiwa?"

"Atamwita mwongo."

"Akiitwa mwongo anafanya nini?"

"Mama, hakuna kitu. Anasema tu alichoona. Haongezi, hapunguzi."

"Haongezi," mama mkwe anarudia polepole.

Na mimi kule nje nashika kichwa, kwa sababu wakati wanaulizana hayo jaji ametoa uamuzi kwa Kizungu na hakuna aliyenitafsiria. Jioni nyingi nilienda kulala bila kujua kama mtu amefungwa au ameachiliwa. Wiki chache za mguu zikawa miezi. Mguu ulishapona, nilimwona kwa mbali akikimbiza kuku. Kila nikiuliza anarudi Bungoma lini, mke wangu anakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

Jibu lilikuja Jumapili moja mchana, likiwa limevaa makoti. Walikuwa wajomba wawili wa mke wangu, kutoka Bungoma. Sebule ilikuwa na mwenyewe, mama mkwe, kwa hivyo niliwakaribisha kwenye veranda, wakala kuku wangu, wakasifu vigae vyangu. Halafu mkubwa wao akafuta mikono akashusha sauti.

Ndipo nikasikia yaliyofichwa kwangu. Kule nyumbani kwa mama mkwe kuna mtoto wa jirani, msichana wa shule ya msingi. Alitendewa ubaya na mtu mzima wa ukoo, mdogo wake marehemu baba mkwe wangu, mtu mwenye kiti chake cha mbele kanisani. Mtoto hakumwambia mama yake. Alikimbilia jikoni kwa mama mkwe, akiwa bado anatetemeka. Na mama mkwe, bila kumuuliza mzee yeyote, alimfunga kwa leso yake, akampakia kwenye boda boda, akampeleka hospitali na kituo cha polisi siku ileile. Tangu hapo wazee wa pande zote, wajomba hawa wakiwemo, walikuwa wamekaa kikao waimalize. Ndama jike alishapelekwa kwa baba wa mtoto, na baba alishapokea.

"Sasa imebaki yeye tu," mjomba akasema. "Kesi imesimama juu yake. Wewe ni mkwe mkubwa, una sauti. Mwambie siku ya korti akae tu hapa Kitale, mguu unauma. Mambo haya yanaisha nyumbani."

Mdogo akaongeza, "Huyo mtoto mwenyewe atasahau, si bado ni mdogo?"

Nilimwangalia. Mdomo wake ulikuwa bado unang'aa mafuta ya kuku wangu. Ndani, sauti ya tivii ilipanda ghafla, mtu akaibana rimoti mpaka vioo vikatetemeka, kisha ikashuka kabisa. Nikajua kuna mtu upande wa pili wa ukuta anangoja nitakachosema, na hawezi kuniomba, na hawezi kunikataza.

"Wazee, mnanishangaza," nikasema. "Mnataka niongee na mama mkwe wangu? Mimi?"

"Si lazima uso kwa uso. Mtume bibi yako."

"Nimtume bibi amwambie mama yake maneno ya aibu kama hayo, na ajue yametoka kinywani kwa mkwe? Si ninyi mlinikalisha chini siku ya kuoa? Si wewe mjomba ulinionyesha kidole ukasema nikivunja heshima hiyo nitaleta ng'ombe wa kuisafisha?"

"Mkwe, usiifanye hivyo."

"Ng'ombe mmoja mmempeleka kule. Sasa mnataka wa pili atoke kwangu?"

Mkubwa akasimama. "Umetajirika mpaka umesahau watu."

"Sijasahau. Nakumbuka kila kitu mlichonifundisha. Malizeni chai."

Dirishani ikatoka sauti, tulivu kabisa, ikimwambia binti yake, "Watu wa veranda wakiondoka, geti lifungwe vizuri. Hapa kuna kuku."

Wajomba walipoondoka nilimgeukia mke wangu. Nilikuwa nawaka.

"Mtu anajificha nyumbani kwangu miezi yote, kwa nyumba niliyojenga, na mimi naambiwa mguu?"

"Ningekuambia ungeita kikao."

"Mimi?"

"Wewe. Unapenda kukaa katikati ukiitwa mwenyekiti. Ungewaleta wazee hapa, ungechinja mbuzi, na mama angeshindwa na heshima."

Nilimwambia chai ilikuwa na sukari nyingi.

Basi kazi ya kumpeleka kortini Bungoma ikawa yangu, kwa kuwa sikutaka apande gari la watu halafu wajomba wakutane naye stejini. Lakini mtu na mama mkwe ndani ya gari moja! Tulifunga leso katikati, kutoka dirisha hadi dirisha, mbele mimi peke yangu, nyuma yeye na binti yake. Karibu na Webuye askari wa barabarani alichungulia akaona pazia.

"Mzee, umebeba maiti?"

"Nimebeba mama mkwe."

Alipiga saluti, akaturuhusu.

Safari ya kwanza wakili wa mshtakiwa alikuwa mgonjwa, kesi ikasongeshwa. Safari ya pili wakili huyohuyo, mzima na anang'aa viatu, alisema ndio kwanza amepata karatasi fulani na anaomba muda azisome. Safari ya tatu alikuwa na kesi nyingine mji mwingine. Kila mara tunarudi Kitale kimya, pazia linapepea shingoni mwangu, mahindi ya watu yanangoja mashine, mashine inanisubiri mimi. Na kila mara jioni mama mkwe anaketi karibu zaidi na tivii kuliko jana, anasikiliza mashahidi wa Wazungu wakiulizwa, wakijibu, wakimaliza. Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa kwenyewe kukaniudhi. Hakuwa anatazama uovu. Uovu alishauona jikoni kwake. Alikuwa anatazama mahali ambapo mtoto akisema, mkubwa anaketi chini, anamsikiliza, na jambo linafika mwisho kabla chai haijapoa. Nani asingetaka kutazama hivyo? Hata mimi, baada ya wakili yule na viatu vyake, nilianza kuingia getini mapema.

Safari ya nne kesi iliendelea. Lakini kwa kuwa ni kesi ya mtoto, mlango wa korti ulifungwa, tukaambiwa wasiohusika wabaki nje. Mimi! Nimesikiliza kesi za watu nisiowajua miezi mizima, na ya kwetu nafungiwa nje. Nilizunguka jengo nikitafuta dirisha. Madirisha yalikuwa juu sana. Nikarudi kwenye benchi, upande wa pili wajomba wamekaa na makoti yao, na yule mdogo hakuniangalia.

Mama mkwe alikaa humo ndani mpaka jua likawa kali. Alipotoka alikuwa ameegemea ukuta, leso imeteleza bega moja. Mimi nikageuka kutazama miti, kama inavyotakiwa, lakini masikio niliyaacha.

"Vipi, mama?" mke wangu akauliza.

"Aliniita mwongo."

"Ukasemaje?"

"Nilisema nilichoona. Sikuongeza." Akairudisha leso begani. "Alinizungusha. Nilikaa tu mahali pamoja, akachoka yeye." Kisha akainua sauti, "Mwambie dereva twende. Itaanza bila sisi."

Hukumu bado tunaingoja. Wakili ameomba muda tena, na sitaki kusema zaidi, nitapandisha presha.

Tulifika nyumbani ikiwa imeanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti changu, nikaketi kwenye kigoda changu. Mke wangu akaingia jikoni, kwa hivyo kukawa na Kizungu kitupu. Nilivumilia. Walikuwa wameshamkamata mmoja, na wa kwanza huwa siye, hilo nalijua. Nikangoja swali la mama mkwe, walau nijue tumefika korti. Hakuna. Nikagonga kioo kidogo. Mke wangu akatokea dirishani, kidole mdomoni.

"Amelala," akanong'ona.

"Amelala vipi? Bado hawajashika mtu."

"Nakuambia amelala. Taa ya nyumba ile ndogo imekuwa ikiwaka usiku kucha tangu aje, hukuona? Muache."

"Basi njoo unitafsirie."

"Nitamwamsha."

"Ongeza sauti kidogo."

"Rimoti ameishika mkononi."

Akafunga pazia. Na mimi kuingia siwezi. Nilikaa hapo nje ya nyumba yangu ya vigae, chai imepoa, nasikia watu wakifokeana kortini kwa lugha nisiyoijua, na katikati ya fujo hiyo mkoromo mmoja mzito, wa mtu ambaye hangoji tena kusikia itaisha vipi. Mpaka leo sijui walimfunga nani.