Mwashi Aliyewashwa

Wattie Dalgarno alikuwa mwashi wa mawe hapa mjini kwetu Huntly, na kwa uvumilivu sijaona wa kumfikia. Alijenga kuta kwenye upepo wa Februari mikono mitupu. Siku moja jiwe lilimwangukia mguuni. Akakaa, akamaliza chai yake, akarudi kazini akichechemea. Lakini kitu kimoja kilimshinda, na aliona haya kumwambia hata mkewe. Kilti ya sufu, ile sketi ya marinda ya wanaume wa kwetu, ilikuwa inamwasha.

Kuikwepa hakuweza, maana ndiye aliyepiga ngoma kubwa katika bendi ya mji, kama baba yake kabla yake. Kilti za bendi yetu ni za zamani, sufu nzito, marinda yake ya nyuma magumu kama ubao. Kiunoni ilimchoma kama amevaa upupu. Ikilowa mvua, ukingo wake ulimkwangua nyuma ya magoti kama msasa. Na mpiga ngoma kubwa hana mkono wa kujikunia: yote miwili iko kazini, na wapiga zumari wote wanatembea kwa mapigo yake.

Alipokuwa kijana alilalamika mara moja tu.

"Baba, hii kitu inawasha."

"Sufu haiwashi wanaume," baba akamjibu, na mjadala ukaishia hapo.

Basi akanyamaza hadi mvi zikamwota. Akawa anajitafutia dawa kimyakimya. Alijipaka mafuta ya mgando, yakashika vumbi. Alivaa shati refu na kulichomekea hadi mapajani, likampanda njiani. Mwisho akajifungia stoo na sindano, akashona vipande vya taulo ndani ya kiuno cha kilti kwa mishono mikubwa mikubwa, kama anayefunga gunia la viazi.

Halafu ikaja siku ya mashindano. Asubuhi ilinyesha, mchana jua likawaka, kilti zikaanza kufuka mvuke. Taulo za Wattie zilikuwa zimelowa na kujikunja, na sufu ikapata ngozi yake yote. Walipofika mbele ya waamuzi alijipinda kidogo tu, asugue nyonga kwa ubavu wa ngoma. Pigo likachelewa. Wapiga zumari wa mbele wakaenda huku, wa nyuma kule, na watu wakacheka.

Kiongozi wa bendi, Murdo Strachan, alimngoja nyuma ya hema.

"Ulikuwa unapiga nini, bwana? Ngoma au nzi?"

Wattie angeweza kusema ukweli. Akasema, "Nimezeeka, Murdo. Tafuta mwingine."

Kwa majira mawili ya kiangazi hakuonekana. Mjini wakasema wamegombana. Bendi ikipita barabarani, Wattie alikuwa jikoni, dirisha limefungwa, vidole vyake vikigonga meza. Mkewe Lorna aliviona vidole vile, akamwongezea supu.

Siku moja Bi Ina Cruickshank akaja kuchukua kilti. Huyu bibi ndiye aliyezishona na kuzirekebisha kilti za bendi tangu ujana wake, na sasa alitaka kuipunguza ya Wattie kwa ajili ya mpiga ngoma mpya. Akaitandaza mezani na kuigeuza ndani nje kabla Wattie hajapata la kusema.

"He! Na hizi taulo?"

Wattie akawa mwekundu hadi masikioni. Lorna akasogea kuangalia.

"Wattie! Hii si taulo yangu ya bafuni? Nimemsingizia dada yako miaka miwili!"

Bi Ina alicheka hadi akatafuta kiti. Kisha akafuta macho na kumtazama vizuri. "Mwanangu, ulikuwa unawashwa?"

"Tangu nina miaka kumi na minne."

"Na hukuja kwangu?"

"Ningekuja kusema nini? Mwanaume mzima, mwashi, nalia na sketi?"

Bi Ina akaanza kuikunja kilti. Kuna jambo alilijua ila hakuwa na ruhusa ya kulisema. "Nipe hii kitu," akasema, "halafu Alhamisi njoo mazoezini. Usiniulize."

Alhamisi Wattie akaivaa ukumbini, chumba cha nyuma. Ndani kulikuwa na bitana ya pamba, laini, imeshuka hadi chini ya makalio, na ukingo umezungushiwa utepe mwembamba. Akatembea hatua chache. Akachuchumaa. Akasimama pale, mtu mzima, machozi yakimlenga kwa sababu ya kipande cha pamba.

Akaingia ukumbini, bendi yote ikageuka.

"Murdo," akasema, "sikuzeeka. Nilikuwa nawashwa. Siku ile na siku zote."

Murdo alimwangalia, akamwangalia Bi Ina aliyekaa mlangoni, akavuta pumzi ndefu. Kisha akafungua mkanda na kukunjua kiuno cha kilti yake. Ndani: pamba ya maua ya bluu.

"Mwaka wa tisa huu," akasema. "Nilimwapisha Ina asimwambie mtu."

"Wewe nawe?" akashangaa mpiga zumari mmoja. "Yangu ina bata!"

Mmoja baada ya mwingine wakakunjua viuno, mapazia ya zamani na mashuka ya watoto yakaonekana, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Bi Ina alitulia mlangoni akijipepea, siri za miaka zimemtoka mabegani.

"Lile neno la nzi," Murdo akasema kicheko kilipotulia, "nisamehe, bwana."

"Ulikuwa mzaha mzuri," Wattie akajibu. "Niliumia, lakini ulikuwa mzuri." Yule mpiga ngoma mpya akamsogezea ngoma, naye akajifunga.

Kiangazi kile walishika nafasi ya tatu, kwenye mvua, na Wattie alirudi nyumbani amelowa chapachapa akiimba.

Majira ya baridi yalipokaribia aliona jinsi Bi Ina anavyoteremka kwa shida kutoka mlango wake wa nyuma. Bila kuulizwa akamjengea ngazi mpya za mawe, fupifupi, zenye mahali pa kushika. Bi Ina akatoka kumkemea kwamba hana haja nazo.

"Bibi wewe," Wattie akasema bila kuinua kichwa, "umenirudishia ngoma yangu. Acha nipange mawe."

Bibi akaingia ndani kumwekea birika la chai jikoni.