Tulivyolipiwa Ada kwa Miguu Yetu

Kabla sijawa mtu wa malori nilikuwa mtu wa miguu, na miguu hiyo, nasema bila aibu, haikuwa na mwenzake Ubaruku nzima. Darasa la nne nililimaliza ndevu zimeshaota. Kazi yangu ikawa kuamia ndege kwenye mpunga wa baba: tangu jua linachomoza nakimbia juu ya matuta ya majaruba, teo na mawe mkononi, na sikuteleza hata siku moja. Nyuma yangu alikimbia kijana wa jirani yetu, mdogo kwangu kwa miaka minne hivi, mwembamba kama ufito. Aliniita kaka, nami nikamwita mdogo wangu.

Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, lori la kwenda Iringa lilikwama matopeni karibu na shamba letu. Abiria mmoja alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya bweni ya huko. Wenzake wanasukuma lori, yeye amesimama anatutazama sisi.

"Ninyi mnasoma wapi?"

"Tumeshasoma, mwalimu," nikamjibu. "Sasa tunalima."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akatuambia shule yao ilikuwa na nafasi darasa la tano kwa vijana wenye mbio, ila ada lazima apatikane wa kuilipa. Akatuandikia barua tuipeleke kwa wazee wa baraza la wenyeji.

Wazee waliipitisha barua ile mkono kwa mkono. Mmoja akauliza, "Yaani tuwalipie wakakimbie? Kwani huko Iringa nako kuna ndege wa kufukuza?" Baraza zima likaangua kicheko. Mdogo wangu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu, kwa hiyo nikasimama mimi. "Wazee wangu, tukirudi hatujui kitu, tutawalimia bure msimu mzima." Wakakubali kutulipia miaka miwili, kisha wangetazama.

Bwana, baridi ya Iringa! Kengele ya kwanza ilikuwa yetu sisi wakimbiaji, wenzetu bado wamejikunyata. Tunazunguka kilima mara tatu, tunaoga maji yanayouma kama siafu, tunakunywa uji, tunaingia darasani. Kipindi cha hesabu nililala macho wazi. Mchana bustani ya shule, jioni mbio tena. Na chakula ni ugali na maharage, kipimo kilekile cha mtu aliyeshinda amekaa. Mimi mtoto wa mpunga! Raba walizonipa zilinibana, nikakimbia peku. Watoto wa darasani, walipoona magoti yangu hayaingii chini ya dawati, wakanipa jina la Babu.

"Shikamoo Babu! Wajukuu hawajambo?"

"Marahaba. Wajukuu ndio ninyi, na leo jioni mtakula vumbi langu."

Wakala kweli.

Lakini wa kustaajabiwa alikuwa mdogo wangu. Alikimbia nilikokimbia, akalima nilipolima, akatetemeka kwa baridi ileile, halafu darasani hatoki nafasi ya kwanza au ya pili. Jioni, mimi nimejitupa kwenye majani kama gunia, yeye anachora hesabu chini kwa kijiti. "Kaka, hebu tazama. Jaruba hili umeligawa mara nne, moja umelipanda. Yamebaki mangapi?" Mwalimu wa hesabu alikuwa ameshindwa nami mwaka mzima, na mtoto yule alinifundisha hesabu za sehemu kwa majaruba ya kwetu katika wiki moja. Nimeketi na mabwana wakubwa maishani mwangu. Kichwa kama kile juu ya miguu kama ile sijakiona tena.

Kwenye mbio alikuwa wa pili siku zote, nyuma ya bega langu. Nilijua sababu: mimi ni hodari kuliko yeye, basi. Mwaka wa pili mwalimu akatukimbiza mmoja mmoja, saa mkononi. Yangu ilikuwa nzuri. Alipomaliza mdogo wangu, mwalimu aliitikisa saa akaiweka sikioni, akidhani imesimama. Akamwita.

"Wewe, mbona kila siku unamfuata huyu kama mkia?"

"Hajanipa njia, mwalimu."

"Njia gani? Si uwanja wote huu!"

"Ni kaka yangu, mwalimu. Siwezi kumpita hivihivi."

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Kwenye vijia vya mashambani, mdogo hampiti mkubwa aliye mbele mpaka mkubwa mwenyewe aseme "pita". Yeye aliibeba adabu hiyo mpaka kwenye kiwanja cha michezo. Mwalimu akamwambia, "Kwenye mbio hakuna kaka." Akaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Kesho yake alikuwa nyuma ya bega langu kama kawaida. Mimi nilikasirika siku mbili nzima, sikula vizuri.

Mwisho wa mwaka ule baraza likaleta habari: sasa wangeweza kumlipia mmoja tu. Wazee wangekuja Mbeya kwenye mashindano ya shule za jimbo. Kati yetu wawili, atakayemtangulia mwenzake kwenye maili moja angelipiwa mpaka darasa la nane. Mwingine shule yake ingeishia hapo.

Kwenye lori la kwenda Mbeya mdogo wangu akaniambia taratibu, "Kaka, shule utabaki wewe. Mimi ndege nimewazoea."

"Nyamaza," nikamwambia. "Unanichosha kabla ya mbio."

Mbio zikaanza. Mzunguko wa tatu wengine wote tulikuwa tumewaacha. Mimi kifua kinawaka moto, na nyuma yangu nasikia pumzi zake zimetulia kama za mtu anayetembea kwenda kisimani. Wazee wa baraza wamejipanga kwenye kamba. Nguvu za kufika nilikuwa nazo. Kazi iliyobaki ilikuwa kufunga mdomo tu. Lakini mimi sijawahi kushinda mtu aliyefungwa miguu, na sikutaka kuanza siku ile.

"Pita!"

Hakupita.

"Pita, mjinga wee! Nimekupa njia!"

"Kaka, lakini..."

"Pita nikuone!"

Basi akaondoka. Nilidhani nazijua mbio, kumbe nilikuwa sijawahi kuziona, kwa sababu miaka yote zilikuwa mgongoni kwangu. Alikwenda kama jiwe lililoachiwa na teo. Nikajikuta nashangilia huku nakimbia, jambo ambalo simshauri mtu yeyote. Nikamaliza wa pili, na wa tatu alikuwa mbali sana, andikeni hilo.

Wazee walimlipia mpaka darasa la nane. Baadaye aliendelea kwa kichwa chake mwenyewe, na leo ni mganga mkuu wa hospitali ambayo mimi huvua kofia nikiingia. Mimi sikurudi Iringa. Alasiri ileile ya mbio, sokoni Mbeya, dereva mmoja wa lori alikuwa anatafuta utingo mwenye mgongo, nikamwonyesha wangu.

Asubuhi yake nikaenda kumsindikiza mdogo wangu. Lori la shule limeshawashwa, yeye juu yake macho mekundu.

"Kaka, likizo nikija nitakupata wapi?"

"Muulize mtu yeyote Mbeya," nikamwambia. Wakati huo Mbeya nzima hakuna aliyenijua ila dereva yule, naye jina langu alikuwa hajaniuliza.