Mzee Gramu na Injini ya Kilo Kumi na Moja

Saa mbili asubuhi, fundi mitambo mwenye umri wa miaka hamsini na tisa anaizunguka injini ndogo inayonguruma juu ya meza ya chuma. Ameshika ufagio wa nyasi kwa mikono miwili, ameutanguliza mbele yake, na anapiga hatua moja moja kama mtu avukaye daraja bovu.

Hafagii. Mchana, moto wa gesi ya haidrojeni, inayoiendesha injini hiyo, hauonekani kwa macho. Ufagio ukiwaka ghafla, fundi hujua kwamba gesi inavuja na imeshika moto.

"Vyombo vya kupimia tunavyo," anasema, "lakini ufagio haujawahi kunidanganya. Na hautaki betri."

Leo injini hiyo ni lazima ifanye kazi kwa muda wa saa mbili mfululizo bila kuvuja, mbele ya mkaguzi. Ikishindwa, mradi unafungwa.

Wenzake humwita Mzee Gramu. Yeye na mhandisi wake, binti aliye rika la mwanawe wa pili, wanaisanifu injini hiyo kwa ajili ya ndege isiyo na rubani, itakayopeleka damu na dawa katika zahanati za mbali. Sharti isizidi kilo kumi na moja. Kila skrubu hupita kwenye mizani yake.

Mwaka jana ilizidi kwa gramu arobaini. Mzee Gramu, bila kumshauri mtu, aliondoa kibano kilichoshikilia bomba la gesi. Mizani ikaridhika, lakini bomba likatikisika hadi likapata ufa. Ufagio uliwaka shubiri moja tu kutoka vidoleni mwake. Alifunga vali, akaketi, akaandika katika daftari la karakana: "Kosa ni langu."

"Nilifika nyumbani nikasema, 'Mama watoto, kwisha habari yangu.' Akaniuliza, 'Umeiba?' Nikamwambia hapana. 'Basi kula, chakula kinapoa.'"

Asubuhi iliyofuata mhandisi alimwita.

"Shikamoo, Mzee. Nimesoma daftari."

"Marahaba, mwanangu. Funguo za karakana hizi hapa."

"Funguo za nini tena? Nikikuondoa wewe, nani ataniandikia ukweli? Kibano kirudi. Hizo gramu tutazitafuta kwingine."

Walizitafuta kwa miezi saba, wakazipata katika mfuniko mnene usiobeba mzigo wowote.

"Namshukuru Mungu, na namshukuru binti huyu," asema Mzee Gramu. "Angeweza kunitupa kama tambara bovu." Ni neno linalostahili kutafakariwa na kila mtu aliyekabidhiwa watumishi.

Saa nne kamili mkaguzi anainua mkono. Injini inazimwa, inapandishwa kwenye mizani: kilo kumi na gramu mia tisa na sitini. Kibali cha kuruka kinatiwa sahihi.

"Mzee, unalia?" mhandisi anamtania.

"Nani, mimi? Ni mvuke wa injini yako huu."

Ndege itaruka mwezi ujao; yeye atastaafu mwishoni mwa mwaka. Ameomba jambo moja tu.

"Siku ya ndege kuruka nisipewe kazi, hata ya kushika bisibisi. Nataka nisimame nje ya uzio na mama watoto, mikono nyuma, nitazame juu kama watu wengine."