Godoro la Plasch Derungs

Plasch Derungs alijulikana kwa mambo mawili pale Vallatscha. La kwanza, bonde zima hakukuwa na mtu wa kumfikia kwa kusukuma theluji na gari la idara ya barabara alikofanya kazi. Angepitisha sepetu la chuma sentimita mbili kutoka getini kwako na wala asiguse kitu. La pili, akiwa kwao alikuwa mpiga shabaha wa kuogopwa, ila akivuka tu mto kwenda Mulinis anageuka mtu aliyeokota bunduki njiani na hajui pa kuirudisha.

Hilo la pili ndilo lililomkosesha raha.

Vallatscha na Mulinis ni watani wa siku nyingi. Wanaoana, wanazikana, wanaibiana majogoo. Na kila Jumapili ya mwisho ya Mei, misa ikiisha, wanashindana kulenga: watu watano kwa watano, mita mia tatu, kila mtu risasi kumi, umelala kifudifudi. Mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwenu. Anayeshinda anabeba kengele ya ng'ombe, kubwa kama ndoo, anakwenda kuitundika baa ya kijijini kwake, na wenzake mwaka mzima wakija kunywa wanajigonga nayo vichwa kwa bahati mbaya.

Miaka ishirini na sita Plasch alishiriki. Nyumbani, tisini na tano, tisini na sita. Ugenini, themanini na mbili. Kila mara alikuwa na maelezo. Jua lilimpiga machoni. Ng'ombe walipiga kelele. Mwaka mmoja alisingizia supu ya shayiri.

"Supu?" Sep Antoni alimuuliza. Sep Antoni ndiye nahodha wa Mulinis, na ni kaka wa mke wake Plasch. "Shemeji, ile supu nimekula na mimi. Mbona nimepata tisini na tatu?"

"Wewe umeizoea."

Na huyo mke, Mengia, alimpata hukohuko Mulinis, mwaka aliotoka na sabini na tisa. Kati ya wote waliomcheka siku ile, yeye ndiye aliyecheka mpaka akakaa chini. Plasch alimfuata amuulize kinachochekesha ni nini, na mpaka leo hajapewa jibu la kueleweka, ila wamezaa binti.

Basi mambo yangeendelea hivyo, kengele ikivuka mto kwenda na kurudi juu ya lori, kama isingekuwa maporomoko. Mwaka uliopita ilikuwa zamu ya Mulinis kuwa wenyeji, mlima ukamwaga udongo juu ya shabaha zao, mashindano yakahamishiwa Vallatscha mara ya pili mfululizo. Plasch akapiga tisini na saba, Vallatscha wakashinda tena. Ndipo mtu mmoja baani akakumbuka kanuni ya zamani: atakayeshinda mara tatu mfululizo, kengele ni yake moja kwa moja. Vallatscha walikuwa na mbili. Ya tatu ingepigwa Mulinis, na mpigaji wa mwisho, kwa ukongwe wake kikosini, alikuwa Plasch.

Kuanzia hapo akiingia baani watu wanampisha kiti kwa upole, kama mgonjwa.

Mwezi wa pili alikwenda na binti yake Flurina kusafisha kibanda cha shabaha. Flurina alikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi seremala, na alikuwa na mdomo wa mama yake. Kibanda kina nafasi sita za kulala, kila nafasi na godoro lake. La nafasi ya tatu lilijazwa manyoya ya farasi, na lilikuwa la baba yake Plasch. Mzee alililalia miaka arobaini. Alipofariki, Plasch, mwenye kifua kilekile cha pipa na miguu ileile mifupi, akalala palepale.

Flurina alijitupa juu yake apumzike kidogo. Kiwiko cha kushoto kikazama shimoni. Cha kulia kikazama shimo lingine. Tumbo likaingia kwenye bonde, na vidole vya miguu vikapata vitundu vyake. Akaanza kucheka uso ukiwa ndani ya godoro.

"Baba, hili si godoro. Hili ni kalibu ya keki."

"Toka hapo, unaliharibu."

"Wewe hujawahi kulala, baba. Unalazwa. Miaka ishirini na sita unalazwa na babu."

Plasch akasema huo ni upuuzi. Flurina hakubishana. Mwezi wa tatu uwanja ulipofunguliwa, alilihamisha godoro nafasi ya tano na kumwambia baba yake apige. Tisini na sita. Halafu akaliondoa, akamwekea lingine. Themanini na moja. Risasi zilitawanyika kwenye shabaha kama mbegu zilizomwagwa na mlevi.

Plasch alikaa kwenye benchi muda mrefu, akilitazama lile godoro jinsi mtu anavyomtazama rafiki akigundua kumbe anadaiwa naye.

"Mama yako asijue," alisema mwishowe. "Yule ni wa Mulinis."

"Baba, mnalala kitanda kimoja. Wewe ukikohoa tu anajua umekula nini."

Mafunzo yalianzia jikoni. Flurina alileta chaki, akamwambia alale sakafuni na bunduki tupu, isiyo na risasi wala ule mtambo wa kufyatulia. Akamchora kumzunguka, akamwinua, akamlaza tena, akamchora tena. Mara tatu. Wakasimama wawili kuangalia.

"Huyu wa kwanza ni wewe," Flurina alisema. "Wa pili ni ng'ombe aliyeteleza. Huyu wa tatu simjui."

"Yote ni mimi."

"Ndiyo shida yenyewe. Kiti nikikitengeneza na miguu mitatu mbalimbali, utanilipa? Mwili wako ndio kiti, bunduki imekaa juu yake. Kila ukishuka chini lazima ushuke mtu yuleyule."

Akamfundisha kwa mpangilio. Kiwiko cha kushoto kwanza, chini ya bunduki na si pembeni. Mwili uende kwa mshazari kidogo. Goti la kulia livutwe juu, tumbo linyanyuke kutoka sakafuni, "maana tumbo lako linapumua, baba, na bunduki inapumua nalo." Kitako cha bunduki kikae shimo lilelile la bega. Shavu likae palepale, kila mara palepale. Mkono wa kushoto ubebe tu, usibane.

"Sasa lenga ile kalenda. Umelenga? Funga macho. Vuta pumzi mbili. Fungua. Iko wapi?"

"Imekwenda kwenye jiko."

"Hapo ndipo mwili unapotaka. Usiivute bunduki kwa mkono. Ukiivuta, mkono utachoka, na ukifyatua itarudi kulekule kwenye jiko. Kiwiko kibaki, wewe sogeza nyonga."

Plasch akasogeza nyonga. Akafunga macho, akafungua.

"Sasa?"

"Sasa iko kwenye kopo la sukari."

Wiki sita Mengia alipika viazi kwa kumruka mumewe. Hakuuliza kitu. Ukimwona mwanamke wa Mulinis hajauliza kitu, jua anajua.

Plasch alilala kila mahali. Alilala ghalani juu ya nyasi kavu, uani juu ya kokoto. Mwezi wa nne, theluji ikiyeyuka, alikuwa akiziba mashimo barabara ya juu. Wakati wa chakula cha mchana alilala kando ya njia na koleo lake, akiulenga kwa mpini msalaba wa kanisa la ng'ambo ya mto. Goti la kulia juu, shavu kwenye mpini, macho yamefungwa.

Padri Clau alikuwa anapita na pikipiki yake ndogo. Alifunga breki mpaka akakaribia kuingia mtaroni. Akatoa chupa ya mafuta matakatifu begini, akapiga magoti kwenye tope.

"Plasch, mwanangu. Kama unanisikia, tubu dhambi zako."

"Subiri kidogo, padri," Plasch alisema bila kufungua macho. "Namalizia pumzi ya pili."

Habari hiyo ilifika Mulinis kabla ya pikipiki ya padri. Jioni Sep Antoni alipiga simu kuuliza mazishi ni lini, na kama kutakuwa na supu.

Mwezi wa tano ulipofika, alama za chaki jikoni zilikuwa zinalaliana, saba, moja juu ya nyingine, utadhani mtu mmoja. Kwenye uwanja wao, juu ya godoro geni, Plasch alikuwa anapata themanini na tisa, tisini, mara moja tisini na moja. Si mbaya. Lakini hapo ni kwao, na mikono yake ilijua hapo ni kwao.

Asubuhi ya mashindano alikunywa kahawa akamwaga nusu. Mengia aliiona ile mikono. Akatoka uani.

Mulinis watu walijaa. Moshi wa soseji ulikuwa juu, na kengele ilikuwa mezani, imeletwa na lori kutoka Vallatscha, imesuguliwa mpaka unajiona meno. Watu wakapiga mmoja mmoja. Mpaka saa sita Mulinis walikuwa wamemaliza watu wao watano: mia nne hamsini na mbili. Vallatscha kwa watu wanne walikuwa na mia tatu sitini na moja. Kila mtu akapiga hesabu kimyakimya, wakafika mahali pamoja: Plasch anahitaji tisini na mbili. Ugenini. Wazee wawili wa Vallatscha wakaenda kupanga foleni ya soseji, wasione.

Plasch alikuwa anaelekea nafasi yake Mengia alipokuja na kitu kimeviringishwa begani. Lile godoro.

"Mengia, umefanya nini?"

"Niliona mikono yako asubuhi," alisema. "Lala ulale vizuri, baba Flurina. Mengine tutazungumza nyumbani."

Kanuni ilikuwa wazi, ugenini unalalia mkeka wa mpira wa wenyeji. Macho yote yakamgeukia Sep Antoni. Sep Antoni alilizunguka godoro, akalinusa, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mimi sina kipingamizi. Mtu akija na kitanda chake tumfukuze? Mleteeni na mto. Ila shemeji, ukishinda, pale kwenye kengele tuandike jina la nani? Lako au la godoro?"

Mulinis wote wakacheka. Plasch akamtazama Flurina. Flurina alikuwa anatafuna soseji.

Plasch akalitandika, akashuka. Lilinuka kwao. Kiwiko kikatafuta shimo lake, lakini shimo lilikuwa mbali kidogo. Goti la kulia alilizoea kulivuta juu, na godoro lilikuwa linalirudisha chini, linamnyoosha kama mzee alivyonyooka. Akalenga, akafunga macho, akavuta pumzi mbili, akafungua. Alikuwa analenga shabaha ya jirani.

Alilala pale kidogo, kisha akaanza kutabasamu. Godoro lilikuwa linamsubiri mtu mwingine, na mtu huyo hakuja.

Akainuka, akaliviringisha, akamrudishia mke wake. "Asante, mama Flurina. Lilalie wewe."

Akashuka kwenye mkeka wa mpira. Kiwiko cha kushoto. Mshazari. Goti. Bega, shavu. Macho yakafungwa, yakafunguka, nyonga ikasogea upana wa kidole. Risasi ya kwanza. Kule mbali, mtu aliyejificha kwenye handaki chini ya shabaha akainua kibao: tisa. Ya pili, tisa. Ya tatu, kumi. Ya nne, nane, na nyuma mtu wa Mulinis akapumua kwa sauti. Ya tano, kumi. Baada ya hapo Plasch hakusikia tena watu, alisikia pumzi zake tu, mbili mbili. Risasi tisa zilipokwisha alikuwa na themanini na tatu. Ilibaki moja, na alihitaji tisa.

Alilenga. Duara jeusi la shabaha lilikaa katikati, zuri kabisa. Kidole kikagusa. Halafu, kwa mazoea ya jikoni, akafunga macho. Pumzi mbili. Alipofungua, bunduki ilikuwa imehamia kushoto, nje ya duara jeusi. Kumbe ile ya kwanza alikuwa ameishikilia kwa msuli bila kujua. Muda wake wa kupiga ulibaki dakika moja, na ilikuwa rahisi sana kuivuta kidogo tu kwa mkono, nani atajua.

"Sukari," Flurina alisema nyuma yake, taratibu, kama anajiongelesha.

Plasch akaondoa kidole. Akasogeza nyonga. Akafunga macho tena, watu wa Vallatscha wakashika vichwa. Akafungua. Akafyatua.

Kibao kilichelewa kupanda. Kule handakini mtu alikuwa anapima mara mbili, maana naye ni wa Mulinis. Kikapanda: tisa.

Mia nne hamsini na tatu kwa mia nne hamsini na mbili. Vallatscha wakaibeba kengele, wakamvalisha Plasch shingoni, akashindwa kuinua kichwa, akatembea hivyo kama ng'ombe mpaka kwenye soseji. Alikuwa anajaribu kukunja uso mtu asije akaona machozi.

Furaha ilipopoa kidogo, Sep Antoni alikuja na bilauri mbili.

"Hongera, shemeji. Haya. Mei ijayo tunagombania nini?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Kengele imekwenda moja kwa moja. Vijiji viwili vikatazamana, na kwa mara ya kwanza siku ile wote walikuwa na huzuni ya aina moja.

"Godoro," Flurina alisema.

Wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mengia akalitandika juu ya nyasi. Watu wakasogea kuyakagua mashimo yake. Sep Antoni alisema si haki kugombania kitu hujakijaribu, akavua kofia, akapiga magoti na kujilaza. Viwiko vikazama. Tumbo likaingia kwenye bonde. Vidole vya miguu vikapata vitundu vyake.

Akafumba macho.

"Haya inuka," Plasch alisema. "Bado hamjalishinda."

"Shemeji," Sep Antoni alijibu, shavu likiwa limezama kwenye manyoya ya farasi, "niletee supu yangu hapahapa."