Mayai ya Nondo Aliyepona

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila niguswapo na hariri, mwanangu. Ilikuwa miaka ya sabini, nami mke kijana niliyetoka kijijini Bunyore kumfuata mume wangu, karani, katika nyumba ya mtaa wa Woodley, mjini. Uani tulikuwa na miforosadi, na katika chumba cha nyuma, ambamo wengine waliweka makaa, nilifuga viwavi wa hariri. Ukisimama mlangoni uliwasikia wakitafuna majani ya miforosadi hiyo, sauti kama mvua nyepesi juu ya migomba. Niliwapenda. Usicheke, mapenzi hayahesabu miguu.

Kisha wakaugua. Walidumaa, wakasusa majani, na ngozi zao nyeupe zikatoka vidoa kana kwamba mtu amewanyunyizia pilipili manga. Afisa wa kilimo aliyetufundisha ufugaji huo alisema ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, kiishicho ndani ya kiwavi. Akaniletea unga wa dawa iliyokuwa ingali ikijaribiwa. Niliukoroga majini, nikachovya majani, nikayatandaza kivulini hadi yakakauka, maana jani lenye maji huwaharisha. Waliokwisha kulegea niliwachoma. Waliosalia wakala. Hakuna raha kama kumwona mgonjwa akidai chakula. Walinenepa, wakapanda vijitini, wakajisokotea vifukofuko vya rangi ya siagi.

Nilikuwa nimemwahidi Zipora, fundi cherehani wa Kenyatta Market, mayai ya kuanzia ufugaji wake na wanawake wenzake wa kanisani. Ilibidi vifukofuko kadhaa niviache bila kuvichemsha ili kutoa uzi, nondo watoke, watage. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, alinikuta nikivichagua.

"Mke wa Wycliffe, hivyo unavitenga vya nini?"

"Vya mbegu, Mama. Ni vya Zipora."

"Si ndio hawa juzi walikuwa wanakufa?"

"Wamepona, Mama. Dawa imewakubali."

Akavuta kigoda, akaketi. "Kwetu, kuku akiponea ugonjwa uliomaliza wenzake, tunamfanya nini?"

"Tunamla."

"Hatumpi jirani akafuge?"

"Hapana, Mama. Atampelekea ugonjwa."

"Na huyo kijana wa dawa, alisema nini juu ya mayai?"

Niliinama. "Alisema dawa hutuliza, lakini nondo anaweza kubaki na ugonjwa tumboni, akaupitisha ndani ya yai."

"Basi mimi na kijana tunasema jambo moja. Anayebisha ni nani?"

Mficha maradhi kifo humfichua, wahenga walisema. Nami nilikuwa karibu kuyafunga maradhi kwenye kitambaa safi na kuyaita zawadi.

Zipora akafika na kikapu chake. Nilimweleza yote nikitazama chini, nikijua nampoteza rafiki. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo nimetembea kutoka sokoni kuja kupewa pole?"

"Umekuja kupika," Mama akamjibu, akimkabidhi mwiko.

Akacheka hadi akajishika mbavu. Tulivichemsha vifukofuko vyote, hata vile vizuri kupita vingine. Tuliipindua baiskeli ya Wycliffe uani, gurudumu lake liwe la kukunjia uzi. Zipora akazungusha pedali, mimi nikaongoza uzi, na gurudumu likavaa nuru. Wycliffe aliporudi akauliza ataendaje kazini Jumatatu.

"Kwa miguu, baba," Mama akasema. "Gurudumu lako limeolewa."

Baadaye afisa alitupatia mayai ya nondo waliopimwa kwa hadubini wakaonekana safi. Viwavi wa Zipora hawakutoka doa hata moja, na wanawake wake wakanipita kwa ufugaji, jambo ambalo hakuacha kunikumbusha.

Mwanangu, dawa ni neema. Ukiihitaji, itumie bila haya. Lakini nafuu si usafi. Umepona hasira, umepona woga, umepona kileo? Furahi, na nafuu hiyo uisokote iwe uzi wa kukuvika. Ila kabla hujaipanda kwa mwenzako au kwa mtoto wako, pima kilichosalia ndani. Heri kumrudisha jirani mikono mitupu kuliko kumpa kitakachomliza. Naye jirani wa kweli, ukimwambia ukweli, atavua viatu akusaidie kazi.

Mungu akupe rafiki wa namna hiyo, na mzee wa kukuuliza maswali mapema. Na watakaozaliwa nyuma yako warithi afya yako, ugonjwa wako ukomee kwako.