Chasisi Mbili za Fundi wa Karasha

Simu ya msiba ilinikuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imeshanyolewa. Fundi wa karasha, mshindani wangu wa miaka mingi katika mbio za magari ya rimoti, alikuwa amefariki ghafla huko Masumbwe alikokwenda kutengeneza karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Niliondoka na kichwa hivyo hivyo. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua mimi ni mwoga wa mambo madogo. Nilizika bila woga, woga ukaja siku ya kumaliza matanga, mjane wake aliponiwekea mezani magari mawili ya marehemu. "Shemeji, chagua moja liwe kumbukumbu yako," alisema. "Litakalobaki ni la binti yetu. Jumamosi anataka kushindana."

Kwa wasioujua mchezo wetu, tunakutana Ibadakuli kwenye sakafu ya saruji ya ghala la zamani la pamba, tukishindanisha magari yenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Chini ya bodi kuna chasisi, bamba linalobeba mota, mikanda na springi, na hilo ndilo gari lenyewe. Chasisi ya zamani ya marehemu ilikuwa nene na nzito, na spea zake hazitengenezwi tena. Mikanda alikuwa akiichomoa kwenye printa zilizokufa, na mikono ya kushikia magurudumu akiichonga kwenye vibao vya plastiki vya kukatia nyama, hadi mkewe akaanza kuficha vya kwake. Mpya ilikuwa nyembamba na nyepesi, inapinda kidogo kwenye kona ili ishike chini, na spea zake zinaagizwa.

Nilikuwepo siku alipoileta hiyo mpya. Alifuata karatasi ya vipimo mstari kwa mstari, akalishusha gari hadi likakaribia kugusa chini. Vipimo vile viliandikiwa watu wanaoshindana juu ya zulia, na sakafu yetu ina nyufa za kuingiza kidole. Kona ya kwanza tu gari likanasa, likapinduka. Tulicheka sana, nami nilicheka kuliko wote. Mtu yule, ambaye kazini alitega sikio tu kwenye karasha akajua beringi ipi inakufa, alifuta vumbi, akasema atalipandisha kidogo wiki ijayo. Wiki iliyofuata alikuja na la zamani, akatushinda. Tukasema ya kale ni dhahabu, na huku kwetu msemo huo hauna mbishi.

Basi nilipewa siku tatu za kuchagua, na zote tatu nikazimaliza nikipima. Binti akipewa mpya, itamwaibisha mbele ya watu. Akipewa ya zamani ikavunjika, nani atamchongea mikono? Nilijiambia kwamba namhurumia yatima. Ijumaa nikaenda nyumbani kwa marehemu, nikapokewa na binti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Chukua hiyo mpya, ng'wanawane, mwanangu. Kipya kinafaa vijana."

Aliinyanyua ile mpya. "Baba aliniambia anaiogopa. Alisema akiileta tena mkacheka, hatairudia kamwe. Na wewe unaiogopa?"

Nilitaka kukana, nikashindwa. Nilikuwa naitaka ya zamani tangu iwekwe mezani, na huruma yote ile ilikuwa kifuniko. Nilimwambia hivyo, na aibu ikanipata mtu mzima.

"Basi ya zamani chukua, baba mdogo," alisema. "Hii nitaivunja mpaka niielewe."

Na Jumamosi aliivunja kweli, mzunguko wa pili, mkono wa mbele ukakatika kwenye ufa ule ule wa kona ya kwanza. Mtu mmoja akaanza kucheka, nikamnyamazisha kwa sauti ambayo sikuwa nayo siku ya baba yake. Binti alikaa chini kwenye saruji, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akinyanyua gari kwa unene wa sarafu. Mbio ziliisha bila yeye. Marehemu rafiki yangu hakuwa mtu wa kushindwa na bamba na skrubu. Alishindwa na kicheko chetu. Mnapoona mwenzenu anang'ang'ania cha zamani, jiulizeni kwanza ni nani alicheka siku alipojaribu kipya.